Mashini ya Karta Ndani ya Mtumbwi: Namna ya Kuichagua, Kuifunga na Kuipanga

USALAMA NA AFYA

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kukusemesha juu ya kofia, viatu, miwani na hewa ya chini ya ardhi. Leo tunatoka kwenye shimo na kushuka ziwani. Watumikaji wengi ni wana wa Moba, wa Kalemie, wa Pweto, wa Kilwa. Wakati wa konje wanasafiri juu ya maji pamoja na bibi na watoto. Wengine wakimaliza miaka yao ya kazi wananunua mtumbwi na motere, wanarudi kuvua samaki kwao. Na hapa karibu na mitambo kuna maziwa yaliyozaliwa na barage: Nzilo upande wa Kolwezi, Tshangalele upande wa Likasi, ambako nyavu zinategwa kila siku. Ajali ya ziwani haiandikwi katika daftari ya ajali za kazi, lakini mtoto anayebaki yatima ni yuleyule.

Siku hizi mwenye mtumbwi anaweza kununua mashini ndogo ya GPS yenye karta, ndiyo kusema ramani, inayomwonyesha juu ya kioo mahali alipo. Ni chombo kizuri. Lakini kimekwisha kuwadanganya wengi, si kwa sababu kimeharibika, ila kwa sababu mwenyewe hakujua kitu gani mashini inajua na kitu gani haijui. Tuanze hapo.

Mashini inajua nini?

Juu angani, karibu kilometre 20,000 kutoka kwetu, satelite zinazunguka dunia na kutuma alama za redio. Mashini ikisikia satelite nne au zaidi, inapiga hesabu ya mahali ilipo. Mpaka mwaka 2000 Wamarekani, wenye satelite hizo, walikuwa wanachafua alama kwa makusudi, na mtu wa kawaida aliweza kukosea metre 100. Siku ya 2 Mei 2000 waliacha. Leo, mahali pa wazi kama ziwani, mashini ya bei ndogo inakosea metre chache tu. Mashini nyingi za sasa zinasikia pia satelite za Warusi, za Wazungu wa Ulaya na za Wachina.

Basi, mahali ulipo, mashini inapajua vizuri sana. Karta iliyo chini ya ile alama ya mtumbwi ni jambo lingine. Karta ilichorwa na watu, pengine miaka mingi iliyopita, pengine kutoka karta nyingine ya zamani, pengine na mtu asiyefika kamwe Moba. Alama ya mtumbwi inaweza kuwa sawasawa na karta ikawa na kosa la metre mia tatu. Wewe unaona kwenye kioo maji matupu mbele yako, kumbe mbele yako kuna mawe.

Ukilifahamu jambo hili moja, umekwisha kujifunza nusu ya somo.

Kwa maziwa yetu hatari hii ni kubwa kuliko kwenye bahari ya Ulaya. Huko meli za serikali zinapima kina kila mara. Kwetu, katika karta nyingi zinazouzwa ndani ya mashini, Ziwa Tanganyika ni kipande cha rangi ya bluu chenye namba chache za kina, na maziwa madogo ya barage pengine hayana hata namba moja. Tena, maji yenyewe yamehama. Tanganyika ilipanda sana mwaka 2020 na 2021, ikapanda tena 2024. Watu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura waliona maji yakiingia ndani ya nyumba za kando. Pale penye inchi kavu katika karta, pengine leo pana ukuta, mti au nguzo imejificha nusu metre chini ya maji. Karta ya mwaka 2015 haijui habari hiyo. Mvuvi wa pale anaijua. Muulize.

Mbele ya kununua

Muuzaji atakuonyesha kwanza kioo kikubwa na rangi nzuri. Mwache aseme, kisha umwulize maswali yako.

La kwanza: mashini hii ina karta kweli? Kuna mashini za kutafuta samaki zenye GPS ndani, zinazoweka alama na kuchora njia uliyopita, lakini hazina karta yoyote. Si mbaya, na bei yake ni ndogo. Kwa mtu wa Nzilo au Tshangalele pengine hiyo inatosha kabisa, kwa sababu hata angenunua ile ya bei kubwa, karta ya ziwa lake haimo. Lakini usilipe bei ya karta na kupewa mashini isiyo na karta.

La pili: ziwa langu limo? Usikubali jibu la «Afrika yote imo». Mwambie awashe, utafute Kalemie, ukuze picha mpaka uone kando ya ziwa. Kama kando ni mistari iliyonyooka kama imekatwa kwa makasi, ile ni karta ya jumla ya dunia, haifai kumwongoza mtu. Ujue pia kwamba kukuza picha hakuongezi habari. Mstari wenye kosa ukiukuza, unakuwa mstari mkubwa wenye kosa.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa: mashini inaweza kuchora kina yenyewe? Garmin, Lowrance na Humminbird wana mashini ambazo, zikiwa na sonda ya kupima kina, zinaandika kila namba ya kina pale unapopita na kuitengeneza kuwa karta. Unapita leo, unapita kesho, na nyuma ya miezi michache una karta ya ghuba yako ambayo hakuna duka linaloiuza. Kati ya kioo cha inchi 9 kisicho na kazi hiyo na kioo cha inchi 5 chenye kazi hiyo, chukua cha inchi 5.

Kisha angalia kama mashini inavumilia maji (alama IPX7 maana yake inaweza kuzama metre moja kwa nusu saa), kama kioo kinasomeka katika jua la saa sita, na kama ina vifungo vya kubonyeza. Kioo cha kugusa kwa kidole ni kizuri dukani. Mvua ikinyesha na mikono ikiwa na mafuta ya motere, kifungo ni rafiki zaidi.

Ukinunua mashini iliyokwisha kutumika, iwashe nje na uangalie tarehe. GPS inahesabu majuma mpaka 1,024, kisha inarudi kwenye sifuri. Ilirudi mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Mashini kadhaa za zamani tangu siku hiyo zinaonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma. Mahali panaweza kuwa sawasawa, lakini mtu anayekuuzia anajua kasoro hiyo. Punguza bei.

Umeme

Hapa watumikaji wa umeme watatucheka, maana hesabu hii wanaijua kuliko sisi. Lakini ni hapa safari nyingi zinaharibika.

Kutoka Kalemie mpaka Moba ni karibu kilometre 140 kwa mstari ulionyooka. Mtumbwi wenye mzigo unaokwenda kilometre 12 kwa saa unahitaji karibu saa 12. Mashini yenye kioo cha kadiri, pamoja na sonda, inakula karibu ampere moja. Ampere moja mara saa 12 ni ampere-saa 12. Sasa angalia ile batri ndogo ya ampere-saa 7 ambayo watu wanapenda kuifunga kwa sababu ni nyepesi. Batri ya risasi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Maana yake inakupa saa tatu na nusu. Ukitoka jioni, mashini itazimika usiku, mbali na kando, saa ileile unapoihitaji. Kwa safari hii chukua batri isiyopungua ampere-saa 25, na uongeze kwa ajili ya taa.

Motere ya nguvu za farasi 15 inayowashwa kwa kuvuta kamba mara nyingi haichaji batri yoyote. Batri inachajiwa nyumbani au kwa bamba la jua. Kama motere yako inawashwa kwa batri, usiifunge mashini kwenye batri hiyohiyo ukiweza kuepuka: wakati motere inaanza umeme unashuka, mashini inazimika na kuanza upya, na pengine kupoteza njia uliyokuwa unafuata.

Waya mwekundu wa mashini upite katika fizible, na fizible ikae karibu na batri, si karibu na mashini. Ikiwa mbali, waya ukikwaruzwa katikati na kugusana, hakuna kitu cha kuukata, na wewe unakaa juu ya bidoni za esanse. Ukubwa wa fizible umeandikwa katika kitabu cha mashini. Kwa ndogo mara nyingi ni ampere 3. Usiweke kipande cha waya wa shaba badala yake. Kiwandani mtu akifanya hivyo anafukuzwa. Juu ya ziwa anaungua pamoja na watoto. Batri ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku lenye hewa, mbali na esanse, na vichwa vyake vipakwe grisi.

Kufunga

Chagua mahali ambapo mwenye kushika usukani anaona kioo bila kugeuza shingo, na ambapo abiria hawatashika kama mkono wa kujishikilia. Antene ya mashini ndogo iko ndani yake. Inahitaji kuona anga. Chini ya paa la manjanja inasikia vibaya; chini ya turubai hakuna neno.

Busole usiitupe. Ifunge, na mashini ikae mbali nayo. Njia ya kujua kama umbali unatosha ni hii: mtumbwi umefungwa na hautikisiki, washa mashini, zima, washa tena, huku ukitazama sindano. Ikisogea hata kidogo, ongeza umbali. Fanya hivyohivyo kwa redio, kwa simu na kwa panga ambalo mtu ameliweka chini ya kiti.

Sonda ya kina inafungwa nyuma ya mtumbwi, chini kidogo ya ubao, mahali maji yanapopita laini. Ikiwa nyuma ya msumari, kamba au ubao uliojitokeza, itasikia mapovu tu. Isikae karibu sana na pangaboi ya motere. Ubao wa mtumbwi hauruhusu sauti kupita vizuri, basi usijaribu kuibandika kwa ndani kama wenye mashua za plastiki wanavyofanya.

Sonda inahesabu kina kuanzia pale ilipo yenyewe. Kama sonda iko sentimetre 20 chini ya maji na pangaboi iko sentimetre 60, mashini inapoandika metre 1, chini ya pangaboi yako umebakiwa na sentimetre 60 tu. Katika menyu kuna mahali pa kuandika tofauti hiyo, ili namba unayosoma iwe ni ya pangaboi. Mahali hapohapo utachagua maji matamu, si maji ya chumvi.

Kupanga, nyumbani kwenu, mbele ya kugusa maji

Kaa mezani na kitabu cha mashini. Kazi hii inachukua jioni moja. Mtu anayeifanya juu ya mawimbi ataifanya vibaya.

Angalia kwanza kwamba mashini haiko katika mchezo wa dukani. Wauzaji wanaiweka katika hali ya maonyesho ili mtumbwi wa uwongo utembee juu ya kioo na kuvuta macho ya wanunuzi. Ikibaki hivyo, utaona safari nzuri sana, na si yako. Zima hali hiyo, toa mashini nje, uiache dakika kumi na tano mahali pa wazi. Mara ya kwanza, hasa ikiwa imetoka mbali, inachelewa kupata satelite.

Kisha namna ya kuandika mahali. Hapa simama, usome polepole, maana kosa hili linaua. Mashini inaweza kuandika kwa digri na dakika, au kwa digri na nukta. Ndugu yako akikutumia kwa simu «7.30», anataka kusema nini? Kama ni digri 7 na dakika 30, ni mahali pamoja. Kama ni digri 7 nukta 30, hiyo ni sawa na digri 7 dakika 18. Tofauti ni dakika 12, na kila dakika moja ya kutoka kaskazini kwenda kusini ni metre 1,852. Umekosea kilometre 22. Kubalianeni wote mnaosafiri pamoja: namna moja tu, na iandikwe ubavuni mwa mashini kwa rangi. Angalia pia herufi: sisi tuko kusini ya ekweta, lazima iwe S. Ukiweka N, alama yako inaruka mpaka Sudani Kusini.

Msingi wa karta uwe WGS84. Usiuguse. Lakini ujue kwamba karta za karatasi za zamani, kama zile za Zambia na za mipakani kwetu, mara nyingi zilipimwa kwa msingi mwingine unaoitwa Arc 1950. Namba ukiitoa katika karta ya namna hiyo na kuiingiza katika mashini bila kubadili, utakosea karibu metre 300, kwenda kaskazini au kusini. Kwa mtu anayetafuta kijiji si kitu. Kwa mtu anayetafuta mlango kati ya mawe usiku, ni kitu sana.

Saa uiweke ya Lubumbashi na Kalemie, yaani mbili mbele ya saa ya dunia. Kigoma wako tatu mbele. Mkipeana saa ya kukutana katikati ya ziwa, semeni ni saa ya nani. Mwendo uuweke kwa kilometre kwa saa, kama katika motokari. Ukiona herufi «kn», hiyo ni mafundo ya baharini, na fundo moja ni kilometre 1.852 kwa saa.

Mwisho, mwanga wa usiku. Ninyi wa chini ya ardhi mnajua vizuri: mwenzako akikupiga taa ya kofia machoni, dakika nyingi zinapita mbele ya kuona tena. Kioo cha mashini kinafanya vilevile. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza. Chagua rangi za usiku, punguza mwanga mpaka uone vigumu, na batri pia itakushukuru.

Kuifundisha njia

Sasa shuka majini, mchana, bila abiria, siku ya utulivu.

Simama kwenye gati unayoijua. Angalia kioo. Mashini inasema uko gatini, au inasema uko katikati ya soko, au metre mia mbili ndani ya maji? Pima tofauti hiyo na uiandike katika daftari. Hilo ndilo kosa la karta kwa mahali pale. Nenda kwenye rasi inayofuata, fanya tena, kwa sababu kosa haliko sawa kila mahali. Ukikuta metre 300 gatini na metre 50 kwenye rasi, usiseme karta imejirekebisha. Sema karta hii haiaminiki karibu na inchi kavu.

Nyuma ya hapo endesha njia yako yote polepole, na mashini iandike alama za miguu yako, pengine kila metre 50. Pale penye mawe, pita mbali, weka alama ya hatari. Pale penye mlango mzuri, weka alama ya mlango. Njia uliyoipita mchana kwa macho yako, salama, ni ya kweli kuliko karta yoyote, maana ilipimwa na mtumbwi wako mwenyewe. Usiku utairudia juu ya mstari uleule. Ihifadhi ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi uipeleke nyumbani.

Kuna kifungo cha «nenda pale». Unachagua Moba, unabonyeza, mashini inachora mstari. Huo ni mstari ulionyooka tu. Katika mashini nyingi ndogo hauangalii kama kuna mlima katikati. Kati ya Kalemie na Moba kuna rasi ya Tembwe. Basi usitumie alama moja ya mwisho. Weka alama nyingi, moja nyuma ya nyingine, kila moja mbali na kando, angalau kilometre moja, ili kosa la karta libaki ndani ya maji.

Kengele ya kina iweke, lakini usiitegemee kila mahali. Ziwa Mweru si la kina. Kwa wastani ni metre saba au nane, na kengele inafanya kazi siku nzima. Tanganyika ni shimo: inafika metre 1,470, na upande wetu mlima unaingia majini moja kwa moja. Sonda ya mtumbwi inapoteza chini ya ziwa nyuma ya metre mia chache, na namba inaanza kuwaka na kuzima au kuruka bila maana. Usishangae, usipige mashini. Lakini ujue kwamba kutoka kina cha kupotea mpaka kwenye mawe, pengine una dakika moja.

Kitu kingine cha kuzoea: mashini inajua unakokwenda, haijui pua ya mtumbwi inatazama wapi. Ukisimama, ule mshale unazunguka kama mlevi. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi ukikusukuma ubavuni, mshale utaelekea upande mmoja na pua upande mwingine. Ukisimamisha motere, tazama busole.

Na kuna kifungo cha mtu aliyeanguka majini. Kila mtu mzima ndani ya mtumbwi akijue, mama watoto pia, maana anayeanguka anaweza kuwa wewe. Ukikibonyeza mara moja, mashini inashika mahali alipoangukia na kuonyesha njia ya kurudi. Alama inabaki pale; mtu anachukuliwa na mawimbi. Basi rudi kwenye alama, kisha tafuta kuelekea upande ambao upepo unapeleka.

Mashini haioni mitumbwi mingine. Wavuvi wa ndakala wenye taa utawaona kwa macho. Wasio na taa hutawaona wala kwa macho wala kwa mashini, wakupe shukrani kwa mwendo wako mdogo. Mtu mmoja akae mbele na tochi. Wala mashini haibebi mzigo. Mwezi wa Desemba 2014 mashua Mutambala ilipinduka juu ya Tanganyika katika upepo mkali, zaidi ya watu 100 wakafa. Mwenye pesa za kitu kimoja tu, anunue jile za kuokoa, moja kwa kila kichwa, na ndogo za watoto. Mashini itangoja mwaka ujao.

Ikizimika usiku

Kila safari, mbele ya kuondoka, andika kwenye karatasi ndani ya plastiki: kutoka alama ya 1 mpaka ya 2, digri ngapi za busole, dakika ngapi kwa mwendo wako wa kawaida. Angalia katika menyu kama mashini inaandika digri za kaskazini ya kweli au za sindano. Chagua za sindano, ili karatasi na busole viseme lugha moja. Kila nusu saa andika mahali ulipo na saa. Mashini ikifa, unajua ulikuwa wapi nusu saa iliyopita, na unajua uelekee wapi. Elekea maji ya wazi kwanza, si kando. Ngoja mapambazuko kama ziwa linakuruhusu.

Simu yako ina GPS pia, na GPS haiombi rezo. Pakia karta ndani yake ukiwa bado mjini, uifunge katika plastiki, uiache imezimwa na chaji kamili. Hiyo ni ya akiba, si ya kusikiliza muziki njiani.

Ukifika, hifadhi njia uliyopita, zima mashini, toa waya wa batri, futa kioo kwa maji matamu na kitambaa laini. Kisha ichomoe kwenye kitako chake na uingie nayo nyumbani; wezi wa gatini nao wanajua bei yake.